Shamba la babu liko chini ya ziwa: ni bahari, ni Jinja, au ni mto wenyewe?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bunyala, si mbali na pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Shamba la babu yangu, ekari nne na nusu, limekuwa chini ya maji tangu 2020. Migomba ilianza kuoza, kisha choo kikajaa, kisha tukahama. Mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia barafu inayeyuka, bahari inapanda na delta zote duniani zinazama. Mjomba wangu anaapa kwamba ni Waganda waliofunga milango ya bwawa la Jinja, kule maji ya ziwa yanakotokea. Wazee nao wanasema mto umekasirishwa na matuta yaliyojengwa kingoni kuuzuia. Nani ana haki? Ardhi itarudi? Kuna jirani anayetaka kuniuzia ekari mbili karibu na ufuo kwa bei nafuu, nami nasita.

Jibu: Mwalimu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na ramani ya zamani ya Bunyala mezani, nikaona afadhali nikujibu kwa kirefu kuliko kukupa mstari mmoja ambao mjomba wako ataupinga kabla chai haijapoa.

Mwanao amesema kweli, ila ni kweli ya mahali pengine. Mjomba ameshika mkia akadhani ndiye ng'ombe mzima. Wazee ndio waliokaribia zaidi, ingawa nao wameacha nje jambo kubwa kuliko yote, yaani mvua.

Niiondoe bahari njiani kwanza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka isibaki hata kipande, bahari itapanda kiasi cha mita 65 au 70. Mombasa itamezwa, lakini Mariakani patabaki pakavu, sembuse Port Victoria huko kwenu. Kwa hiyo maji yaliyo shambani kwa babu yako hayakutoka baharini. Hata hivyo usimkaripie kijana, kwa sababu bahari ina mkono wake katika msiba huu, na nitauonyesha mbele. Pia amegusa jambo ambalo watu wengi hawalijui: unapokaa ni delta hasa, na delta zote, ziwe za ziwa au za bahari, zina tabia moja.

Delta ni nchi ambayo mto umeijenga kwa tope lake. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia waifikirie kama nyumba ya udongo. Nyumba ya udongo haikandikwi mara moja ikaisha. Kila baada ya mvua mama mwenye nyumba hurudi na udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaziba nyufa, akapaka upya pale chini maji yalipokula. Akiacha, nyumba haianguki leo wala kesho. Ukuta huanza kumenyeka, fito zikaonekana, mchwa akaingia, na siku upepo ukiiangusha watu watasema ni upepo.

Mto nao hukandika kwa mafuriko. Kila unapovuka kingo huacha tabaka jembamba la tope, nalo hufidia kile kinachopotea chini. Maana chini daima kuna kinachopotea: tope jipya limejaa maji, na kadiri miaka inavyopita hujibana kwa uzito wake lenyewe, ardhi ikatitia. Kwa hiyo ukiniambia kwamba nchi ya delta fulani inaliwa na maji, sianzi kuuliza maji yamepanda kiasi gani. Nauliza kwanza: nani ameacha kukandika? Halafu nauliza udongo unatitia kwa kasi gani, na ni nani anayeuharakisha. Kupanda kwa maji nakuuliza mwisho. Hapo ndipo natofautiana na magazeti, ambayo huanza na barafu na kuishia na barafu.

Bahari inapanda, hilo halina ubishi. Kati ya 1901 na 2018 usawa wake duniani ulipanda sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Karibu nusu ya upandaji wa miaka hamsini iliyopita haikuletwa na barafu hata kidogo, bali ni maji yenyewe kutanuka yakipata joto, kama sufuria iliyojazwa hadi ukingoni inavyomwagika kabla haijachemka. Nyingine kubwa ni barafu ya milimani na ya Greenland na Antaktika.

Sasa linganisha hizo milimita 3.7 na mambo wanayoyafanya watu wenyewe. Jakarta, mji uliokaa juu ya tope la mito kadhaa, sehemu zake za kaskazini zimewahi kutitia zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, hasa kwa sababu watu na viwanda wanavuta maji ya chini ya ardhi kwa visima virefu. Sentimita, mwalimu, si milimita. Italia, kwenye delta ya Mto Po, kuanzia 1938 walivuta kutoka ardhini maji yenye gesi ili wapate gesi ile. Ardhi ikatitia zaidi ya mita mbili mahali pengine, mafuriko yakafuata, na mwaka 1961 serikali ikafunga visima. Utitiaji ulipungua sana, lakini ardhi iliyoshuka haikuinuka tena. Udongo ukishakamuliwa ni kama godoro kuukuu la sufi: hata ulianike namna gani, limeshabonyea.

Mfano ambao wataalamu hawachoki kuutaja ni Mississippi, kule Louisiana, na sababu yao ni nzuri, kwa kuwa pale makosa yote yamefanywa mahali pamoja. Tangu 1932 jimbo hilo limepoteza kilomita za mraba 4,800 hivi za nchi ya pwani, ambazo ni zaidi ya nchi kavu ya Busia na Siaya ukizijumlisha. Baada ya mafuriko makubwa ya 1927 waliuziba mto kwa matuta marefu kupindukia, wakafaulu: mto uliacha kutembelea mashamba. Uliacha pia kuyakandika. Tope likawa linakimbizwa moja kwa moja hadi mdomoni na kumwagwa kwenye kina kirefu cha Ghuba ya Meksiko, pasipojengeka kitu. Na tope lenyewe likapungua, kwa sababu huko juu, kwenye tawimto kubwa liitwalo Missouri, yalijengwa mabwawa ambayo yanalinasa. Kisha kampuni za mafuta zikachimba mifereji maelfu ya kilomita ndani ya vinamasi ili kupitisha mashua na mabomba. Maji ya chumvi yakaingia kwa mifereji ile, majani yakafa, na majani ndiyo yaliyokuwa yameshika udongo kwa mizizi. Bahari ilipokuja ilikuta ukuta umeshamenyeka.

Mwaka 2023 walianza kujenga mlango mkubwa kwenye tuta ili kuurudishia mto kazi yake ya kukandika, mradi wa dola bilioni tatu hivi. Wavuvi wa chaza na kamba walipinga kwa sababu maji matamu yangeharibu uvuvi wao, gharama zikapanda, na 2025 serikali ya jimbo ikaufuta. Nakueleza hili ili ujue kwamba hata penye pesa na wataalamu, kufungua tuta si jambo la kiufundi tu. Kuna mtu anayevua pale.

Hadithi ya pili inatuhusu zaidi, maana ni ya mto wetu wenyewe. Nzoia ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria kutoka Kenya, na ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, Jinja. Maji yaliyolala leo shambani kwa babu yako, yakibahatika yasipae kwa jua, yatapita Jinja, Kyoga, Juba, Khartoum, na mwisho yatafika kwenye delta ya Misri. Ni mto mmoja, wenye delta moja kichwani na nyingine miguuni. Delta ya Misri nayo inaliwa. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, mafuriko ya Nile yalishusha zaidi ya tani milioni 100 za tope kwa mwaka, karibu zote kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Sasa tope hilo linalala chini ya Ziwa Nasser, lililo nyuma ya bwawa hilo. Rasi ya Rashid, pale tawi la magharibi linapoingia baharini, imerudi nyuma kilomita kadhaa tangu mwanzo wa karne ya 20, na kasi ilizidi sana baada ya bwawa, hata wakalazimika kujenga kuta za mawe. Misri walipata umeme na kilimo cha mwaka mzima, nami siwalaumu. Lakini aliyekuwa akikandika nyumba amefungiwa nje.

Hapa kwetu Kenya tuna hali zote mbili, na ajabu yake ziko pwani moja. Mto Tana una mabwawa matano mfululizo, Masinga la 1981 likiwa ndilo kubwa kuliko yote, na watu wa Ozi na Kipini, karibu na mdomo wake, wanalalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Nenda kusini kidogo hadi Malindi, ambako Mto Sabaki kwa miaka mingi umemwaga udongo mwekundu wa Ukambani na nyanda za juu bila bwawa kubwa la kuunasa, utakuta ufuo umepanuka kiasi kwamba hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji sasa zina matembezi marefu ya mchanga mbele yao. Bahari ni ile ile, upandaji ni ule ule. Kilichotofautiana ni mkandikaji. Matumbawe ya Malindi yenyewe yameweka kumbukumbu: ukiyakata utaona udongo ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa huko juu.

Sasa turudi Bunyala.

Nzoia wako hauna upungufu wa tope. Unatoka Cherangani na Mlima Elgon, unapita mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, Webuye, miwa ya Mumias, na ukisimama kwenye daraja la Rwambwa wakati wa masika utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Huo ni udongo wa watu wengine unaokuja kwenu bure. Wewe si Misri, wala si Tana. Shida yako si mto kukosa kukandika, ni kwamba unakandika mahali pasipotakiwa.

Wazee wako wanaposema matuta yameukasirisha mto, mimi nasema hivyo hivyo kwa maneno ya darasani. Mto ukiwa huru hutawanya tope lake kwenye uwanda mzima. Ukiufunga kati ya matuta mawili, tope hubaki ndani. Sakafu ya mto huinuka mwaka hata mwaka, tuta huongezwa urefu, sakafu huinuka tena. Nje ya tuta mashamba hayapati kitu, nayo yanatitia polepole. Ipo siku utasimama shambani ukaangalia mto ukiwa juu ya kichwa chako. Tuta likipasuka siku hiyo, kama lilivyopasuka 2003, 2008 na 2011, miaka unayoijua kuliko mimi, hayo si mafuriko ya zamani yaliyokuja taratibu hadi magotini na kuondoka. Ni tangi lililopasuka.

Bangladesh wamelipitia hili kabla yetu. Miaka ya 1960 walizungushia visiwa vya delta yao matuta ili wapande mpunga bila chumvi. Walivuna vizuri. Lakini ardhi ya ndani ilibaki chini huku msitu wa mikoko wa nje, uliokuwa ukiendelea kukandikwa na maji kila siku, ukiendelea kuinuka, na baada ya miaka hamsini tofauti ilikuwa imefika mita moja na zaidi. Kimbunga Aila kilipovunja matuta mwezi Mei 2009, maji yalikaa ndani karibu miaka miwili mahali pengine. Watu waliteseka sana. Ila yalipotoka yaliacha makumi ya sentimita ya udongo mpya. Na kabla ya hapo, mwaka 1997, wakulima wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo walikuwa wamekata tuta lao kwa makusudi, kwa majembe, ili tope liingie kwenye bonde lililokuwa limegeuka dimbwi la kudumu, na bonde likainuka. Wahandisi walikuja baadaye kuliandikia jambo hilo jina rasmi.

Sikuambii ukakate tuta. Tafadhali usiseme Daktari wa Kisumu amenituma. Kukata tuta bila mpango ni kuua jirani. Ninachosema ni kwamba matuta yasiyo na milango ya kuingiza maji ya tope kwa kipimo, shamba kwa shamba na kwa zamu, yanawakopesha usalama wa leo kwa riba itakayolipwa na wanafunzi wako. Mkiitwa kwenye mkutano wa baraza kuhusu kuinua matuta, ulizeni habari ya milango. Mtajibiwa kwamba ni ghali. Ulizeni tena.

Lakini tuta halikufunika shamba la babu yako, ni ziwa. Na ziwa lilipanda kwa mvua. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayapiti mtoni kabisa, hunyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huu wetu, ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na hali hiyo ikitokea mawingu hujaa huku. Mvua za vuli zikawa za kupita kiasi, masika ya 2020 yakaongeza, na mwezi Mei kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Mwaka 2024 ziwa likaipita tena alama hiyo. Na ile rekodi ya 1964 ilianzaje? Kwa mvua za 1961, bahari ikiwa katika hali ile ile. Ongeza kwamba hewa ikipata joto digrii moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, basi utaona kwa nini nilikuambia usimkaripie mwanao. Bahari ilifika kweli Bunyala, ila ilikuja kwa njia ya juu.

Mjomba sasa. Tufanye hesabu ambayo hata wanafunzi wako wataiweza. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Tuseme Jinja wanaachia mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kiasi ambacho si kidogo. Kwa siku ni milioni 86.4. Ili ziwa lishuke sentimita moja, hata mvua na mito vikikauka kabisa na jua likaacha kunyonya maji, utangoja siku nane. Mita moja, zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kulifungulia ziwa hili likashuka ifikapo Jumamosi. Na mwaka 2020 Uganda waliongeza maji yanayotoka badala ya kuyapunguza, na wakazi wa kando ya Ziwa Kyoga wakafurikiwa kwa ajili yetu.

Ila mjomba asinyimwe haki yake yote. Bwawa la Owen Falls, lililokamilika 1954, liliufanya mlango wa ziwa uwe wa kushikwa na mikono ya watu, na mapatano yalikuwa kwamba maji yaachiwe kama maporomoko ya zamani yangeyaachia yenyewe. Kati ya 2004 na 2006 yaliachiwa zaidi ya mapatano kwa ajili ya umeme, wakati wa ukame, na ziwa likashuka vibaya. Unakumbuka? Fukwe zilirefuka, madau yakaachwa juu ya matope, watu wakapanda nyanya na sukuma wiki mahali walipokuwa wakivua ngege. Kutoka pale hadi kilele cha 2020 ni karibu mita tatu. Kwenye uwanda kama wenu, ambao unaweza kutembea kilomita nzima bila kupanda urefu wa mtu mzima, mita tatu za maji hazihesabiwi kwa ekari. Huhesabiwa kwa vijiji.

Kuna kitu kimoja ambacho hukiuliza na ndicho kinachounganisha mto na ziwa. Nilifundishwa na mwendesha mashua wa Port Victoria, zamani nikiwa kijana mwenye daftari jipya na viatu visivyofaa kwa tope. Nilikuwa napima kina cha mdomo wa mto kwa kamba yenye risasi, yeye akipima kwa pondo lake, na kila mara alikuwa anajua jibu kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini fungu la mchanga halikuwepo pale ramani ilipoliweka, limesogea juu mtoni. Akasema mto ukikuta ziwa limejaa huwa kama mtu mwenye mzigo aliyekuta mlango umefungwa: anautua hapo hapo barazani. Sijapata kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Ziwa likipanda, mto hupunguza mwendo mapema, na mto wa polepole hauwezi kubeba tope. Tope linatuliwa juu zaidi, ndani ya matuta, sakafu inainuka, na mvua inayofuata mto unapita juu ya tuta kilomita kadhaa kutoka ziwani. Kwa hiyo mwenzako wa juu aliyevunjikiwa na tuta na wewe uliyemezwa na ziwa mna ugonjwa mmoja, hata kama mnalalamika katika ofisi mbili tofauti.

Mafunjo nayo usiyasahau. Pale mafunjo yalipofyekwa ili kupata shamba au njia ya mashua, wimbi hupiga udongo mtupu. Pale yalipoachwa, yanavunja wimbi na kunasa tope kwa mizizi. Ndiyo mikoko yetu.

Wasomaji wa Nakuru watataka kujua kama yao ni hadithi hii hii, maana Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu 2010 hivi, Naivasha imeingia nyumba za mtaa wa Kihoto, na Baringo imefunika shule na hoteli. Mvua ni zile zile, lakini maziwa ya Bonde la Ufa, ukiacha njia za chini ya ardhi za Naivasha na Baringo, hayana Jinja. Maji yakishaingia hutoka kwa jua tu. Hilo linahitaji barua yake.

Je, ardhi itarudi? Baada ya kilele cha 1964 ziwa lilishuka, ila lilichukua miongo, likipanda na kushuka njiani, hadi chini kabisa ilikuwa 2006. Miaka arobaini na miwili. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sehemu ya shamba inaweza kurudi, huenda mikononi mwa mwanao badala ya mikono yako, na itakaporudi itakuwa na tope jipya juu yake, mipaka imefutika. Cheti cha shamba usikitupe wala usikiuze kwa bei ya samaki. Tafuta mtu wa kukupimia pembe za shamba kwa simu yenye ramani ya setilaiti, andika namba hizo, weka nakala kwa mtu asiyeishi uwandani. Kisha chimbia nguzo ukingoni mwa maji ya leo, uitie alama kila mwezi, na uwape wanafunzi kazi ya kuisoma. Miaka mitano ya nguzo hiyo itakufaa kuliko barua yangu.

Kuhusu ekari mbili za jirani, usimuulize bei kwanza. Tembea naye shambani utafute mwembe mkubwa kuliko yote. Mwembe haustahimili kusimama majini msimu baada ya msimu. Ukitaka ushahidi wa miti mingine, tazama migunga iliyokufa ikiwa imesimama kandokando ya Ziwa Nakuru, mieupe kama mifupa. Uliza wazee mwembe ule ulipandwa lini. Ukiambiwa ulipandwa kabla ya uhuru na bado unazaa, maji ya 1964 hayakukaa pale, na ya 2020 na 2024 hayajauua. Hapo unaweza kuanza kuzungumza bei. Ukiambiwa hakuna mti hata mmoja uliozidi miaka ishirini, basi umeshapata umri wa shamba lenyewe: limezaliwa ziwa liliposhuka 2006, na jirani yako anajua hivyo.